Kamba ya Mzee

Kisahani cha kupimia uangavu wa maji kilizama, nikakisindikiza kwa macho. Cheupe na cheusi, cheupe na cheusi, kisha ukijani mtupu, kisha hakipo. Nikaibana kamba kwa vidole pale ilipokutana na maji, nikakivuta hadi kikaonekana tena, nikahesabu mafundo. Maji hayakuwa yamefika hata fundo la tatu.

Nikaandika kwa penseli.

Tulikuwa katika Ghuba ya Napoleon, Jinja, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, saa nne asubuhi, injini imezimwa. Nyuma aliketi mzee ambaye ameniendesha tangu siku yangu ya kwanza ya kazi. Ilikuwa safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na nilijua angesema jambo. Nilidhani atazungumzia mafao yake, au atanikabidhi kijana atakayeshika usukani baada yake.

"Mwanangu," akasema, "miaka 18 nakuleta hapa. Hujaniambia hata siku moja haya maji umeyaonaje."

Nilifungua mdomo kumjibu, nikakuta sina jibu la Kiswahili. Nilikuwa na wastani, nilikuwa na michoro, nilikuwa na sura nzima za tasnifu. Sikuwa na sentensi moja ya kumpa mtu aliyekaa hatua tatu kutoka kwangu.

"Yanachafuka, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa, akavuta kamba ya injini. Tukarudi.

Wiki ya sita hii, na neno lake bado linanikaa kooni.

Foleni ya bomba

Watu husema kwamba Uganda Kiswahili ni lugha ya askari. Labda kwingine. Kwetu Walukuba, mtaa wa Jinja, kilikuwa lugha ya foleni ya bomba la maji. Nyumba za wafanyakazi zimepangana, mlango huu Mjaluo, ule Mteso, ule Mgishu, ule Msoga, na ndoo zikigombaniwa hakuna anayengoja mkalimani. Nilijifunza kuhesabu, kutukana na kuomba radhi kwa lugha hii kabla sijaingia darasani.

Ziwa lilikuwa Masese, mteremko mmoja tu kutoka nyumbani. Ziwa langu la utotoni, kwa miaka kadhaa, halikuwa na maji. Lilikuwa zulia la magugu maji, kijani hadi macho yanapoishia, na mitumbwi imekwama juu yake kama imeegeshwa shambani. Wavuvi walikata njia kwa panga, na asubuhi njia ilikuwa imeziba.

Kisha wakatuambia shuleni kwamba kuna watu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Namulonge wanafuga fukusi. Fukusi, kama hawa wa mahindi, ila hawa wametoka Amerika Kusini, ndiko kwao hasa magugu yale, na hawali kingine. Walianza kuachiliwa mwishoni mwa 1995. Sikuamini. Kufika 1998 majani yalikuwa ya kahawia, yametobolewa, yanazama. Wengine wanasema mvua na mawimbi ya mwaka ule vilisaidia, na nadhani wana haki. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na nilichoona ni kwamba mtu anaweza kulitazama ziwa kwa makini, akajua mdudu gani anakula nini, na ziwa likafunguka.

Hapo ndipo nilipotekwa.

Kuna jambo lingine la miaka ile ambalo sijawahi kuliandika. Karo yangu ilitoka kwa mputa, ndilo jina letu la sangara. Mjomba alikuwa akipasua minofu katika kiwanda cha samaki, na kila muhula alileta bahasha yenye harufu ya kazi yake. Mwaka 1999, soko la Ulaya lilipofungwa kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu, mjomba alikaa nyumbani na mimi nilikaa nyumbani. Sangara wakirudi kwenye ndege, narudi darasani. Nitalirudia hili, kwa sababu limenisumbua kuliko mengine yote.

Upande wa kivuli

Kisahani ninachokitumia kimetokana na kile cha padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, aliyekijaribu baharini mwaka 1865. Hakina betri, hakina skrini. Unakishusha, kinapopotea unasoma kina. Maji yakijaa mwani au tope, kinapotea mapema. Sharti lake kubwa ni moja: ukishushe upande wa mashua wenye kivuli, kwa kuwa mng'ao wa jua juu ya maji hudanganya jicho.

Kila tulipofika kituoni, mzee aliigeuza mashua hadi kivuli kikaja upande wangu. Kila mara. Sikuwahi kumwomba. Kwa miaka mingi niliamini ni heshima tu, mzee anamwonea huruma binti asichomwe na jua.

Ilikuwa wiki mbili baada ya kustaafu kwake, nikiwa na kijana mpya, nikachomwa na jua na namba haisomeki, ndipo nilipoelewa. Nikampigia simu mzee.

"Nani alikufundisha kugeuza mashua?"

"Watu niliowabeba kabla yako," akasema. "Ulifikiri wewe ndiye wa kwanza?"

Nilirudi kwenye tasnifu yangu nikatafuta jina lake. Lipo neno "wafanyakazi wa uwandani", katika shukrani, mstari mmoja pamoja na watu wa maabara. Jina hakuna.

Waliotangulia Jinja

Kwa hiyo nikaanza kuwafikiria waliobebwa kabla yangu.

Kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki kilianzishwa Jinja mwaka 1947. Mwaka uliofuata akaja Rosemary Lowe, mtaalamu wa ngege, samaki wa jamii ya sato, na jamaa zake, aliyekuwa ametoka kuwachunguza samaki wa Ziwa Nyasa. Alifanya kazi hapa hadi 1953, akaolewa, na kwa kanuni za utumishi wa wakati ule mwanamke akiolewa anaacha kazi. Akaiacha. Akaendelea na sayansi kwingine, Amerika Kusini na Uingereza, hadi uzeeni; alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 93. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi na nililiona la kale. Nilipolisoma mara ya pili nilikuwa na mimba ya miezi saba na mkataba wangu haukuongezwa. Hakuna aliyetaja mimba. Walisema mradi umefikia ukomo.

Baadaye akaja Geoffrey Fryer. Mwaka 1960 aliandika makala ya kupinga wazo la kumleta sangara katika Ziwa Viktoria. Hoja yake ilikuwa rahisi hata kwa mtu wa sokoni: samaki mkubwa anayekula samaki hutumia nguvu nyingi kuliko anayorudisha, na ukimtia mahali ambapo samaki wa humo hawajamzoea, hutajua ataishia wapi. Ziwa lilikuwa na mamia ya aina za furu, tunaowaita nkejje, ambao hawapatikani kwingine duniani.

Sangara walikuwa wameshatiwa kimya kimya tangu 1954. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa waziwazi.

Utafiti uliofanywa kwa meli 1969 hadi 1971 ulikuta kwamba nkejje peke yao walikuwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Miaka kumi na kitu baadaye walikuwa wametoweka katika nyavu nyingi. Wanasayansi wanakadiria aina 200 hivi zilipotea. Mama yangu alikuwa akitulisha nkejje wa kukaushwa, waliochomekwa kwenye vijiti, tulipougua surua. Mdogo wangu wa mwisho aliugua, na nkejje sokoni hawakuwepo.

Sasa turudi kwenye bahasha ya mjomba.

Fryer aliona sawa. Nimeisoma hoja yake mara nyingi na sioni pa kumkosoa kuhusu nkejje. Lakini mimi ni mtu niliyesomeshwa na yule yule samaki aliyewamaliza. Kuna mji mzima hapa uliojengwa kwa minofu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikizikwepa hizi kweli mbili zisikutane. Asubuhi nafundisha wanafunzi habari za kutoweka, jioni nakula mputa wa kukaanga kwa mama. Sijapata njia ya kuzipatanisha. Nimeacha kuitafuta. Ninachokijua ni kwamba mtu aliyeonya alionya kwa Kiingereza, katika jarida la kilimo, na waliokuwa wakikausha nkejje kwenye vijiti hawakuulizwa wala hawakuambiwa.

Kusi

Mabaharia wa majahazi ya Uarabuni waliujua upepo wa kusi kwa sababu uliwarudisha nyumbani. Sisi wa maji baridi tunaujua kwa sababu nyingine. Katikati ya mwaka, Juni hadi Agosti, upepo huo kavu hupoza maji ya juu ya Ziwa Viktoria, yakawa mazito, yakashuka, na ziwa lote likajichanganya toka juu hadi chini. Ndiyo pumzi yake ya mwaka. Miezi mingine, maji ya joto hukaa juu kama mafuta, ya baridi chini, na ya chini yanaishi kwa akiba ya oksijeni yaliyoachiwa.

Hili hatulijui kwa kubahatisha. Jack Talling alikwenda kwenye kituo kimoja karibu na kisiwa cha Bugaia, mwaka 1960 na 1961, akarudi, akarudi tena, akashusha vyombo vyake mahali pale pale. Akakuta maji ya kina yana oksijeni sehemu kubwa ya mwaka. Wengine walipokwenda kupima upya karibu 1990, maji ya chini yalikuwa yanakosa oksijeni kwa miezi, na mwani umeongezeka mara kadhaa. Mvua zinaosha mashamba, moshi wa mikaa na miji unarudi na mvua, mafunjo yanayochuja maji yamekatwa ili palimwe.

Bila ile safari ya 1960 tusingekuwa na cha kulinganisha. Ndivyo ilivyokuwa pia Mwanza, ambapo timu ya Waholanzi ilianza mwaka 1977 kuvua kwenye mstari ule ule wa ghuba, mwaka baada ya mwaka, ili kuwajua furu. Hawakujua kwamba wanahesabu watu wa msiba. Walikuwepo tu, na daftari.

Hii ndiyo kazi niliyoipenda. Si ugunduzi. Ni kurudi.

Ni kazi isiyopendwa na watoa fedha, nao siwalaumu sana. Mtu anakuuliza, "Mwaka huu umepata nini kipya?" Unamjibu, "Nimepata kile cha mwaka jana, kimepungua kidogo." Mradi ni wa miaka mitatu. Ziwa halina miaka mitatu.

Kurasa tupu

Daftari langu lina pengo.

Mkataba uliisha mapema 2020. Machi nchi ikafungwa kwa sababu ya korona, barabara tupu, mashua zimefungwa kwenye mti. Nikajifungua. Mwaka ule ziwa lilipanda hata likaingia kwenye nyumba za mwaloni, na watu wazima walikuwa wakikumbushana mafuriko ya miaka ya sitini. Mimi nilikuwa ndani nanyonyesha, nasikiliza redio.

Kisha mwishoni mwa Desemba, hadi Januari 2021, mputa wakaanza kuelea wamekufa. Wakubwa, wa kubebwa na watu wawili. Watu wakasema sumu. Serikali ikasema oksijeni imepungua baada ya dhoruba kuyavuruga maji. Waandishi wa habari wakanipigia: wewe si unapima pale? Namba zako zinasemaje?

Zilikuwa hazisemi kitu. Miaka yote ile ya kushusha kamba, na mwezi ambao ulihitajika haupo.

Niliandika barua ya kuiaga kazi hii ya ziwani mwaka ule. Sikuituma, lakini niliiandika, na bado ninayo. Nilikuwa nimefikiria kufundisha sekondari. Nilikuwa nimefikiria biashara ya mukene, dagaa wa ziwa letu, kwa sababu dada yangu anaifanya na analala vizuri.

Kilichonirudisha ni kitu kidogo mno. Mzee alipita nyumbani kumwona mtoto, akaleta ndizi, akasema kabla hajakaa: "Kile kisahani kiko kwangu, nimekifunika na gunia kisipauke."

Nikarudi.

Lakini ona nilivyokuwa kipofu. Alikaa sebuleni kwangu saa nzima, mtu aliyekuwa ziwani usiku wa dhoruba ile, na sikumuuliza aliona nini. Nimemuuliza sasa, baada ya miaka hii, kwa sababu swali lake lilinifundisha kuuliza. Akanieleza bila kusita. Upepo uligeuka usiku, siku chache kabla ya mwaka mpya. Asubuhi maji ya ghuba yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yananuka yai bovu. Mputa walikuwa juu wanatafuna hewa, wakubwa kwanza, wadogo baadaye. Kamongo hawakuguswa.

"Maji yalikosa pumzi," akasema. "Kamongo anapumua kama sisi, ndiyo maana."

Ni maelezo ninayowapa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko wengi wa wenzake. Ndiyo maana pembezoni mwa mafunjo, ambako hewa majini ni haba, samaki wadogo wa asili wamejificha na kusalimika naye. Kule Nabugabo, ziwa dogo jirani na Viktoria, watafiti wameonyesha kwamba samaki mdogo wa kinamasi huwa na matamvua makubwa kuliko jamaa yake wa maji ya wazi. Mzee hajasoma hayo. Ameyaona.

Je, nimwandike? Nimekaa na hilo siku nyingi. Kumbukumbu si kipimo. Mtu hukumbuka dhoruba na kusahau siku tulivu, na nikianza kujaza kurasa tupu kwa masimulizi, atakayekuja baada yangu atashindwa kujua lipi ni lipi. Mwishowe nilichora safu mpya pembeni ya daftari, nikaipa kichwa: "Walioona". Nikaandika maneno yake, tarehe niliyoyasikia, na jina lake kamili. Namba zimebaki tupu, kwa sababu ndivyo zilivyo.

Kusoma kwa sauti

Jumamosi iliyopita nilikwenda Masese mwaloni na karatasi nne.

Sikualika viongozi. Nilimwomba mzee awaambie watu wake, na wakaja kama 30, wanawake wa mukene wengi kuliko wavuvi, kwa sababu jua lilikuwa kali na mukene walikuwa wameshatandazwa. Nilisimama nikasoma mwaka mmoja baada ya mwingine. Niliposema "oksijeni" nikaona nyuso zimefunga. Nikasema "pumzi ya maji", wakafunguka. Niliposoma kina cha kisahani kwa mita, mzee alinikatiza, akasimama, akanyoosha kamba ya zamani baina ya mikono yake na ya kijana, akashika fundo moja moja: mwaka huu hapa, mwaka ule hapa. Hapo walielewa wote, nami nikaelewa kwamba michoro yangu ilikuwa na kasoro ya kutoshikika.

Mama mmoja akauliza: "Hizo namba zinajua mukene watapungua lini?"

Nikamwambia hazijui.

"Basi endelea hadi zijue," akasema, na hakuwa anacheka.

Kisha mvuvi mmoja, mtu wa makamo, akasema jambo lililonifanya nikae chini. Alisema mimi napima mahali ambapo maji hufa mwisho. Yanapoanza kufa ni kwenye kighuba kidogo nyuma ya mwamba, ambako mafunjo yalikatwa na mfereji wa mji unaingia. Pale, alisema, harufu huja siku tatu kabla. Kila mvuvi wa Masese anajua. Wengine wakaitikia. Mzee naye akaitikia.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa na kituo chako," akasema. "Kwenye karatasi."

Kituo changu nilikirithi. Aliyenitangulia alikiweka hapo, na nimekilinda kwa sababu thamani yake ni kutobadilika. Sitakiacha. Lakini tangu Jumamosi sijaacha kufikiria dhoruba ngapi zilitangazwa nyuma ya ule mwamba, siku tatu kabla, kwa watu ambao sikuwauliza.

Fedha za kituo cha pili hakuna. Nimepiga hesabu ya petroli, na safari ya kwenda kule ni lita chache kuliko nilivyoogopa. Kijana yuko tayari. Mzee amesema naye atakuja, akae mbele kama abiria, aone kama kijana anajua kugeuza mashua.

Tunakwenda Alhamisi. Mahali pale hapana jina kwenye ramani yoyote niliyonayo, ila wavuvi wana jina lao la Kisoga. Niliwaomba walirudie mara mbili, nikaliandika kwa penseli walivyolitamka, juu ya ukurasa mpya.